Nilienda Kumushitaki X kwa Sœur Préfète

Bamama ba shirika, munijibu kwanza: kati yetu kuko mwenye alishaka kupigiwa makofi na darasa muzima juu ya ujinga yake mwenyewe? Hakuna? Basi mie njo wa kwanza. Leo nimeaibika! Mukae chini, hii vocal ya telefone iko murefu.

Asubuhi niko nje kwa mulango, nachambua maharagi kwa lungo. Ndani, Nsimire, mujukulu wangu mwenye anasoma scientifique kwa lycée, sekondari ya masœur, bale masista, iko anapiga pasi jupe yake ya masomo, telefone kwa sikio. Anaongea na mwenzake Bahati. Mie sisikilizake mambo ya batu. (Masikio njo inasikilizaka yenyewe.)

Nikasikia: "Bahati, jana yote nilikuwa natafuta ba inconnu wawili!"

Mukono ikasimama ndani ya maharagi. Inconnu! Ile kifaransa naijua, banaisemaka kwa radio: mutu mwenye hatujue jina yake, hatujue kwao, anaingiliaka batu. Na mutoto wangu iko anamutafuta? Tena wawili?

"Hapana, mie naanza na X. Namuéliminer yeye, nabakia na Y peke yake. Nikisha kumupata Y muzuri, njo narudia kwa X."

Yesu na Maria! Anaacha mwanaume, anashika mwingine, anarudia kwa ule wa kwanza. Tena mwanaume hata jina hana! Kwetu Mudaka, hata mwizi wa mbuzi alikuwa na jina.

"X iko positif. Nilivérifier tena. Y njo négatif."

Bamama. Positif mie naijua kwa centre de santé tu, kwa kipimo ya ukimwi. Lungo ikaanguka. Maharagi ikaenda, kuku ya jirani ikakuja.

"Monsieur wa math mwenyewe njo alitupatia bale ba inconnu. Leo tutabatoa ku tableau, mbele ya batu bote."

Nikaita: "Nsimire! Kuja hapa!"

"Koko, nimechelewa! Tuko na mutihani, interro ya math!" Akapita kama mupepo.

Sasa mie nifanye nini? Baba yake, mutoto wangu, iko anachimba dhahabu kule Mwenga. Aliniachia huyu mutoto, akasema: "Maman, asome, asipotee." Na kwa lycée ile, musichana akiwa na mambo ya banaume, banamurudisha nyumbani, hawaulize mara mbili. Nikawaza: afazali nifike mbele, niseme kosa iko ya mwalimu. (Mie mwenyewe nilifikaka deuxième primaire, darasa ya pili, halafu baba akasema mbuzi nazo ziko na haja ya mwalimu.)

Nikavaa libaya ya shirika, blauzi ile ya Bikira Maria mbele na nyuma. Nikapanda moto, ile pikipiki ya kubeba batu, nikamwambia mwenye kuiendesha:

"Kimbia!"

"Koko, kuko mugonjwa?"

"Kuko X!"

"Ule simujue."

"Na mie vilevile! Kimbia!"

Kwa portail ya lycée, sentinelle, ule mulinzi, akanizuia. "Maman, uko unatafuta nani?"

"Inconnu."

"Humu hamuingiake inconnu."

"Papa, muliingia wawili, na weye uko hapa unakula karanga!"

Sœur Préfète, mwenye kuongoza lycée, akasikia kelele, akakuja. Nikamwambia yote: Monsieur wa math iko analetea batoto ba inconnu, moja iko positif. Sœur akashika rozari. "Tuende tumuulize mwenyewe, Maman." (Pale ningejua. Mutu mwenye ameshituka hatembeake polepole vile.)

Tukaingia mu darasa. Batoto bote bakasimama: "Bonjour, ma Sœur!" Nsimire iko mbele kwa ubao, ile tableau, craie ya kuandikia mu mukono. Akaniona. Macho ikatoka. Karibu yake, Monsieur: kijana mwembamba, shingo kama ya kuku ya kienyeji. Nikamunyooshea kidole.

"Njo weye uko unaletea hawa batoto ba inconnu?"

Akaangalia Sœur. Akaniangalia. "Ndiyo, Koko. Njo kazi yangu."

Anakubali! Mchana mweupe!

"Wawili wawili?"

"Kwa sasa wawili. Trimestre ijayo nitaleta watatu."

"Watatu! Na Sœur anajua?"

"Iko mu programme ya serikali, Koko."

Rozari ya Sœur ikaanza kutetemeka. Mie nikawaza: masikini, ni hasira.

Nsimire akasema chini chini: "Koko, nakuomba, rudi nyumbani..."

"Sirudi! Huyu X iko wapi? Nataka nimuone na macho yangu!"

Monsieur akasogea pembeni, akanyoosha kidole ku tableau. "Koko, X njo huyu."

Nikaangalia. Fimbo mbili zimepandana. Nikakaribia. Lakini ile sura naijua! Nikapiga kelele na sauti yote Mungu alinipatia:

"Huyu si mie? Hii njo naandikaka chini ya bulletin ya Nsimire!"

(Signature yangu kwa ile ripoti ya masomo, bamama. Sina ingine.)

Halafu Monsieur akageuka: "Batoto, muache kutafuta. X tumemupata."

Darasa likalipuka! Makofi, kupiga meza. Mutoto moja kule nyuma akapiga kelele: "Monsieur, iko positif?" "Positif sana!" Sœur Préfète akageuka ukutani, mabega yake njo ilikuwa inacheka. Nsimire alijifunika uso na mikono yenye craie, akabakia mweupe kama amemwagiwa unga. Sikujua iko analia ao iko anacheka.

Niliondoka. Sentinelle alinifungulia portail na heshima yote: "Bye bye, Maman Inconnu."

Saa ya kutoka masomo Nsimire akarudi, akapita, hakunisalimia. Bamama, pale njo niliogopa kweli. Nikawaza: mutoto wa batu nimemupoteza, tena si juu ya mwanaume, ni juu yangu.

Musicheke. Maman Présidente, nakusikia.

Sasa hivi tu nilikuwa jikoni, nachunga unga ya bukari, ugali yetu. Akakuja polepole, akakaa karibu yangu, akachora ile X ndani ya unga na kidole.

"Koko, ba inconnu ya Monsieur nilibapata bote wawili. Kumebakia moja, hapa kwetu."

"Yesu! Nani tena?"

"Weye." Akafuta ile X, akashika kidole yangu, akaiweka ndani ya unga. "Nakuapia, Koko: bulletin ijayo, chini kabisa, Sœur Préfète atasoma jina yako."