Malalamiko Kuhusu Shamba Lililochomekwa Kati ya Roma na Firenze

Carrollton, Texas
Oktoba 2005

Kwa Dada Naserian,
Mwenyekiti wa Kamati ya Safari,
Ushirika wa Wauguzi na Jamaa Zao, Dallas na Houston,
Stafford.

KUH: SHAMBA

Dada Mwenyekiti mpendwa,

Natumaini nyinyi wa Houston mmepumzika na miguu imepungua uvimbe. Sisi wa huku Dallas hatujambo, ila mimi nina jambo moja zito, na nimeona niliandike kwa sababu kwenye simu wewe huanza kucheka kabla mtu hajamaliza.

Tulipopanga ziara ya Italia tulikubaliana kwenda mijini. Roma, halafu Firenze, halafu Venisi. Mji, mji, mji. Nilihudhuria kila kikao na kusikiliza kwa makini, kwa kuwa nilikuwa nimempa mke wangu ahadi. Kama unavyojua, Jerioth hakumzika mama yake. Mama alifariki kule Nyamira wakati karatasi za Jerioth zikiwa bado uhamiaji, na wakili akamwambia akitoka Marekani huenda asiruhusiwe kurudi. Akabaki hapa, akavaa sare, akaingia zamu. Hakulia. Karatasi zilipotoka alikataa kwenda nyumbani, na mtu akitaja kijiji aliondoka sebuleni. Nilipomshauri tuchukue likizo alisema, "Popote, Baba Kwamboka. Lakini usinipeleke mahali penye kuku." Nikamwapia kwamba Italia ni mawe matupu.

Basi tukatoka Roma vizuri. Tuko njiani kwenda Firenze, wewe ukasimama na kipaza sauti ukasema, "Wapendwa, kamati imewaongezea zawadi kidogo. Tutalala shambani siku mbili." Watu wakapiga makofi. Naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba mimi sikupiga. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Barabara. Basi liliacha lami, likapanda kilima, likakwama nyuma ya trekta ambayo haikuwa na haraka na mtu. Mvua ilikuwa imenyesha. Nami nilikuwa nimevaa viatu vipya vya Roma, soli laini kama sahani. Niliposhuka, mguu mmoja ulielekea Firenze na mwingine ukataka kurudi Roma. Kalume wa Houston alinidaka mkono. Ninamshukuru, ingawa alinidaka huku akicheka.

2. Picha. Nilikuwa nimewatangazia watu wa Dallas kwamba ninakwenda Ulaya. Tuliporudi nilimwonyesha picha jirani yangu Njoroge. Zile za Roma alizipita tu. Akasimama kwenye ile niliyo kati ya ng'ombe na lundo la kuni, ukungu umejaa nyuma yangu. Akasema, "Onyancha, wacha mchezo. Hii ni Limuru." Nikamwonyesha zile nguzo za kale za Roma. Akasema hizo mtu yeyote anaweza kununua dukani. Picha hiyo ya ng'ombe niliituma pia kwa kaka yangu aliye Nyamira. Akanipigia simu kwa hasira: kwa nini nimekuja nyumbani nikaondoka bila kumsalimu? Mpaka leo anachunguza ni nani aliyenilaza.

3. Kazi. Asubuhi mwenye shamba alitugawia mikasi na ndoo, tukaelekezwa kwenye mizabibu. Mkalimani alisema ni hiari, ni burudani. Dada Mwenyekiti, mimi nilisoma shule ya bweni. Kupewa kifaa asubuhi na kuonyeshwa shamba la mtu mwingine kulikuwa na jina, na jina lake halikuwa burudani. Nilijikuta nikijiuliza nimekosa nini. Hata hivyo nilipoona Kalume ananipita kwenye mstari wake, niliongeza mwendo nikamwacha nyuma. Hilo ninalitaja ili tu lisije likaandikwa vingine.

4. Chakula. Jioni walituletea ugali wa manjano. Umri wako unakuruhusu kuukumbuka: ni ule wa mwaka wa njaa, tulipoletewa mahindi ya msaada kutoka Marekani, na watoto wa shule nzima wakaapa kwamba wakikua hawatayaona tena. Mimi nilikwenda mbali zaidi, nikahamia nchi yalikotoka ili niyamalize mzizi. Leo nayakuta Italia, yamemwagiwa mchuzi wa uyoga, na watu wanafumba macho kwa utamu. Niliongezewa mara mbili, kwa sababu ya adabu.

5. Mke wangu. Hapa ndipo penye kiini cha barua hii, na ninaomba uisome sehemu hii ukiwa umeketi.

Jerioth alipowasikia kuku alijifungia chumbani. Siku nzima ya kwanza nilisimama mlangoni nikiomba msamaha kwa niaba ya kamati. Asubuhi ya siku ya pili alitoka kwenda kuchota maji ya kunywa jikoni. Pale kibarazani alikuwepo Bi Ersilia, mama mzazi wa mwenye shamba, akiambua maharagwe. Yule bibi alisukuma kigoda kwa mguu, akamwekea Jerioth beseni mapajani, akaendelea na kazi yake. Mimi niliona yote nikiwa kwenye mizabibu, mkasi mkononi.

Bi Ersilia akaanza kuongea Kiitaliano. Jerioth akamjibu kwa Kikisii. Si Kiswahili, si Kiingereza: Kikisii. Hakuna aliyemkatiza mwenzake kuuliza maana. Kisha bibi akamnyang'anya ganda la maharagwe, akaguna, akamwonyesha kwamba anaambua vibaya, huku akitikisa kichwa kama mtu aliyekata tamaa na kizazi kizima. Jerioth akacheka. Alicheka sana, mpaka nikafurahi, halafu nikasikia kicheko kimegeuka. Mke wangu alikuwa analia. Analia kwa sauti, kama mtu aliyefika matangani sasa hivi. Analia anamwita mama.

Niliangusha ndoo nikaanza kukimbia. Kalume akanishika tena. "Muache, bwana," akasema, na safari hii hakuwa anacheka. "Acha alie."

Bi Ersilia hakumnyamazisha wala hakumpa pole. Alisogeza kigoda chake mpaka mabega yao yakagusana, akaendelea kuambua maharagwe. Walimaliza beseni lote.

Sasa ninauliza, kwenye tangazo la safari jambo hili liliandikwa wapi? Na madhara yake hayakuishia pale. Tulipofika Firenze, mbele ya michoro ambayo watu husafiri kutoka ncha za dunia kuitazama, Jerioth alinisimulia jinsi mama yake alivyogombana na jogoo wa padri. Venisi tulipanda mashua, naye akanieleza mama alivyokuwa akichagua mbegu, moja baada ya nyingine, hadi tukashuka. Nimekwenda Venisi, Dada Mwenyekiti, lakini siijui. Na hapa Carrollton mambo ni yale yale. Anaimba akipika. Akitoka zamu analala usingizi wa mtoto, na mimi niliyezoea kumsikia akitembea sebuleni ndiye ninayebaki macho, nikisikiliza ukimya.

Kwa hayo yote, ninadai kwa unyenyekevu kwamba kuanzia sasa safari yoyote ya mji hadi mji ipite palipo na lami, pasipo ng'ombe wala kuni. Kilima kisipoepukika, mapazia ya basi yafungwe. Kamati iiandikie nchi ya Italia na kuiomba iweke vibao mashambani vinavyosema wazi kwamba hapa si Nyamira wala si Limuru. Bibi yeyote mwenye beseni atangazwe mapema, ili abiria wajiandae. Na mwisho, nirudishiwe Venisi, ile niliyohudhuria bila kuiona.

Nisalimie mumeo na watoto. Msalimie Immaculate aliyetuimbia ndani ya basi, na umwambie koo lake tunaliombea. Kalume naye msalimie, umkumbushe kwamba nilimshinda kihalali. Salamu pia kwa ndugu wote wa Stafford, pamoja na wale waliopiga makofi.

Ni mimi ndugu yako, mwenye uchungu na mwenye heshima,

Zablon Onyancha

N.B. Nilikuwa sijaifunga bahasha Jerioth aliporudi kutoka kazini. Amempigia dada yake simu. Desemba tunakwenda Nyamira, yeye na mimi, kuliona kaburi. Ndege inapitia Roma. Kwa kuwa wewe ndiwe unayewajua wenye lile shamba, ninakuomba sana utuongezee kituo hapo kati, siku mbili, na kama hazitoshi, nne. Firenze usihangaike nayo. Mimi nilimwambia Desemba kule ni baridi na zabibu zimekwisha, akaniambia hawezi kwenda kumwona mama mmoja akampita mwingine angani. Tafadhali jibu upesi, nafasi zinajaa.