Ng'ambo Pia Ni Sisi

Jumatatu, 3 Machi
Tumeunganishwa! Hospitali yetu na ile ya ng'ambo ya barabara, mahasimu wa miaka ishirini, sasa ni kitu kimoja. Mkurugenzi mpya katangaza kuwa masjala itakuwa moja, na mkuu wake mmoja. Wakuu tupo wawili: mimi, na Miwani wa ng'ambo. Mke wangu kashauri nikamsalimie kwa adabu. Adabu! Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa. Nimehamisha mafaili yote ya wagonjwa. Namba za zamani, kwisha! Sasa yamepangwa ninavyowajua wenyewe: wakorofi juu, wapole chini, wanaokohoa karibu na dirisha. Bila mimi hakuna atakayeambulia hata karatasi. Nilipochoka, mama wa usafi akamalizia rafu zilizobaki. Mgongo unalalamika. Ulalamike tu.

Jumatano, 5 Machi
Mgonjwa kachoshwa na foleni, katishia kwenda ng'ambo. Zamani tungemkimbilia na kiti, na pole juu. Leo nimemwambia aende tu, ng'ambo pia ni sisi. Kaenda, karudi kanuna. Kumwona daktari kumepanda bei pande zote mbili.
Miwani kapita kusalimia, kaleta karanga. Kauliza mafaili nayapangaje. Nimekula karanga, sikumjibu.

Alhamisi, 6 Machi
Mgongo umegoma! Mke wangu na shemeji wamenibeba mzobemzobe hadi kazini, safari hii kwa mlango wa wagonjwa. Daktari kakataa kunichoma sindano bila faili, maana kuna moja iliwahi kunivimbisha uso. Karani wangu kalitafuta saa tatu nzima. Nikamwelekeza kutoka kwenye machela, atazame kwa wapole. Halipo! Nikaomba nipelekwe ng'ambo. Nikajibiwa ng'ambo pia ni sisi. Nililia, sioni haya kuandika.
Miwani ndiye aliyelipata. Alimuuliza tu mama wa usafi. Lilikuwa kwa wakorofi.

Jumatatu, 10 Machi
Miwani kapewa ukuu. Mimi msaidizi wake. Karani wangu kapewa barua ya kwaheri, na hakuwa na kosa lolote. Inaniuma. Miwani kaniletea mto wa mgongo, mnafiki mkubwa.
Lakini nimejifunza! Kabati kila mtu hufungua. Wiki ijayo zinakuja kompyuta, na neno la siri nitaliweka mimi. Sitamwambia mtu, wala sitaliandika popote. Jana nilichagua moja zuri sana. Litanijia tu.