Difu Mbili, Shangazi Mmoja

Wenzangu, leo sina pa kuuweka uso. Nimejifungia jikoni, naandika huku ugali unashika chini. (Haujaungua sana.)

Naanza mwanzo kabisa, maana nikianzia katikati hata mimi mwenyewe nitapotea.

Mnalijua gari langu, lile kuukuu ninalobebea mihogo mikavu kutoka Sindeni ndani hadi Mkata. Mwezi uliopita nililivalisha matairi makubwa. Kila aliyeniuliza nilimwambia ni kwa sababu ya tope. Tope kweli lipo. Lakini leo ni siku ya kusema ukweli: nilipenda lilivyosimama. Lilisimama kama jogoo!

Shida ni kwamba jogoo aligoma kutembea. Gia ya nne gari halivuti. Kamlima kadogo tu, narudi gia ya pili. Klachi inanuka kama kwato iliyochomwa. Fundi wetu wa hapa kijijini akalitazama, akasema, "Mama Rama, matairi yamekua, difu haijakua." Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli, lenye meno ndani, linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Gari langu lina mbili, moja nyuma na moja mbele. Akaniandikia kikaratasi niende nacho Korogwe.

Sasa njooni kwenye leo yenyewe.

Mwanangu Ramadhani anataka kumuoa Mwajuma, binti wa Vugiri. Wazazi wa binti wameridhia. Aliyebaki ni Shangazi Fatuma, dada wa baba yake, na kwenye ukoo ule shangazi asipoitikia kwa kichwa hakuna ndoa. Alitaka aje aione kwa macho yake nyumba atakayokuja kuishi binti. Nikasema, hilo tu? Asubuhi nitabadilisha difu Korogwe, mchana nitamchukua mgeni hapo hapo stendi, alasiri tutafika kwangu kwa vigelegele.

(Mwenye akili angebadilisha difu siku nyingine. Najua. Endeleeni kusoma.)

Saa mbili asubuhi nipo duka la vipuri. Watu wamejaa. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, akanipokea.

"Shikamoo mama. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Nataka difu."

"Meno mangapi?"

Nilishtuka kidogo. Lakini siku hizi kila ofisi ina maswali yake, nikadhani ni utaratibu mpya.

"Thelathini na moja," nikajibu. "Moja waling'oa."

Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa nyuma yangu akainama kunitazama mdomo, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Meno ya difu, mama," kijana akasema taratibu.

Nikafungua pindo la khanga, nikatoa kikaratasi. Kimeandikwa: ya zamani 37 kwa 9, inatakiwa 39 kwa 8. Kijana akasoma.

"Aa, kumbe mama unataka difu ya chini."

"Hapana. Nataka ya nyuma na ya mbele."

"Ya chini maana yake namba kubwa, mama."

"Sasa namba ikiwa kubwa, inakuwaje ya chini?"

Akamwita fundi.

Fundi Hoza ana gereji nyuma ya duka hilo. Mtu mzima, mpole, mikono myeusi kwa grisi. Akaniketisha kwenye benchi kama anayempa mtu habari za msiba.

"Mama, kisimani ukizoea ndoo ndogo, halafu kwenye kamba ile ile ukafunga ndoo kubwa, mkono unafanyaje?"

"Unachoka."

"Basi tairi kubwa ndiyo ndoo kubwa, na injini ndiyo mkono. Difu ya zamani, ile shafti inayotoka kwenye giaboksi inazunguka mara nne na kidogo ndipo tairi lizunguke mara moja. Hii mpya, inazunguka karibu mara tano. Hatua fupi, nguvu nyingi. Umenielewa?"

Ndoo niliielewa. Nikataka kumfurahisha.

"Kwa hiyo namba ikipanda, mwendo unashuka."

"Eeeh!"

"Na tairi likipanda, namba nayo inapanda."

"Eeeh, mama!"

"Kwa hiyo mwendo unashuka mara mbili."

Fundi Hoza akakaa chini, juu ya tairi bovu. Mwisho akasema nimwachie tu ufunguo.

Kumbe dukani kulikuwa na difu moja tu ya meno hayo, ya nyuma. Ya mbele ingekuja wiki ijayo. Tukakubaliana afunge ya nyuma kwanza. Mimi nikaenda mashineni kusaga mihogo, nikarudi na viroba viwili vya unga, nikavipakia nyuma. Saa saba gari likawa tayari. Wakati ananipa ufunguo, jirani yake alikuwa anakata chuma kwa mashine, kelele hadi kwenye ubongo. Fundi Hoza akapaza sauti:

"Mama! Mbele usiingize kabisa! Nyuma na mbele hazilingani! Ukiingiza zitagombana, utavunja kitu!"

"Sawa fundi! Siingizi!"

Nikawaza, ina mantiki. Nyuma pametiwa nguvu mpya, mbele bado pana ile dhaifu. Kwa hiyo uzito wote ukae nyuma, mbele pasiingie mtu. Nilijisikia nimeelimika.

Shangazi Fatuma nilimkuta stendi. Mama wa makamo, mrefu, mwili umeshiba, khanga mpya, kikapu cha peasi za Vugiri mkononi. Nikamwamkia kwa magoti yote mawili. Akaitikia kwa upole, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, mahali pa mgeni wa heshima.

"Shangazi, samahani. Naomba ukae nyuma."

Akatazama kiti cha mbele. Kitupu, kisafi, nimekitandikia kitambaa.

"Kuna mwingine anakuja?"

"Hapana, shangazi. Fundi kakataza. Kasema namba hazilingani."

"Namba za nini?"

Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza. "Za uzito, nadhani. Kasema nikiingiza mbele, kitu kitavunjika."

Shangazi akajitazama mwili wake kuanzia juu hadi chini. Akapanda nyuma, akaketi kwenye kale kabenchi ka pembeni katikati ya viroba vya unga, kikapu mapajani. Mimi na kiti kitupu tukaondoka.

Jamani, gari lilivuta! Gia ya nne likapanda milima yote bila kunung'unika. Nikawa namwelezea shangazi habari za ndoo na kamba. Nyuma kimya. Nilidhani anasikiliza.

Tukaacha lami pale Sindeni, tukaingia njia ya kwetu. Jana ilinyesha. Kabla ya mto kuna lile dimbwi mnalolijua. Nikafanya ninavyofanya siku zote: nikashuka, nikafunga vitasa vya magurudumu ya mbele, nikapanda, nikavuta kirungu kidogo pembeni ya gia, ili magurudumu yote manne yavute. Mimi hiyo naiita kuvuta kirungu. Hakuna siku nimeiita jina lingine. (Kumbukeni hilo mtakaponihukumu.)

Tukavuka tope kama tunateleza juu ya siagi! Nikapiga honi. Furaha ikanizidi, kirungu nikakisahau pale pale.

Nyumbani walikuwa wamejipanga. Majirani, wifi zangu, Ramadhani na shati lake jeupe. Kutoka mtoni hadi uani kwangu ni ardhi ngumu, kavu, mawe matupu. Hapo gari likabadilika. Usukani ukawa mgumu kama nageuza jiwe la kusagia. Magurudumu ya mbele yanataka mwendo wake, ya nyuma yanataka mwendo wake. Gari likaanza kuruka. Likaruka kama mbuzi aliyekanyaga siafu, linalia krr, krr, linainua pua, linashusha pua.

Wanawake wakadhani ndiyo namna nimechagua ya kumleta mgeni. Vigelegele vikazidi! Wifi yangu mmoja akaanza kucheza.

Nikaongeza mafuta. (Msiniulize kwa nini.) Kwaa! Kitu kikapasuka chini. Gari likasimama katikati ya uwanja.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka mtu mweupe. Kichwa cheupe, kope nyeupe, khanga mpya nyeupe tupu. Peasi zikamfuata moja moja zikibingirika. Vigelegele vikakatika kama redio iliyoisha betri. Kuku tu ndio waliendelea na shughuli zao, maana unga ulikuwa umemwagika.

Nikapiga simu kwa Fundi Hoza, nikabonyeza sauti ya nje kwa bahati mbaya. Kijiji chote kikasikia.

"Fundi, gari limevunjika!"

"Uliingiza mbele?"

"Wallahi sikuingiza! Kiti kitupu toka Korogwe!"



"Kiti gani, mama?"

"Cha mbele! Mgeni wangu nilimweka nyuma na viroba!"

"Mama," akasema, na nikasikia anavyojizuia, "nilisema usiingize difu ya mbele. Fo-wili. Usivute kirungu. Kiti cha mbele angekaa hata mfalme."

Ramadhani akashika kichwa. Wifi yangu aliyekuwa anacheza akakaa chini. Mimi nilitamani nirudi dimbwini nikazame.

Shangazi Fatuma akanisogelea. Akapangusa unga kwenye jicho moja, kisha la pili.

"Kwa hiyo," akasema, "si uzito wangu?"

"Si uzito wako, shangazi. Nisamehe. Wewe huna kosa, mimi ndiye sikuelewa."

"Toka Korogwe nawaza nimenenepa kiasi cha kuvunja gari," akasema. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashikilia bodi la gari, na unga ukawa unapukutika kila anapocheka. Akaomba maji ya kuoga na chai ya rangi. Akamwambia Ramadhani kwamba binti yao atakuja, kwa sababu nyumba yenye watu wasiojua kudanganya hata kwenye simu inafaa kuishi.

Sasa hivi yupo chumbani, amevaa gauni langu, anakula peasi zilizosalimika. Amenituma niulize kwa mara ya mwisho: difu hasa ni kitu gani? Nimemwambia ale kwanza, alale, tutaongea kesho. Mwenye jibu fupi anitumie kabla hajaamka. Mwenye kicheko abaki nacho.