Haa na Fuu

Jumatatu, 2 Julai 1951

Jambo ambalo sijamwambia mtu: nina miaka kumi na sita na sijui kupiga mluzi. Midomo yangu inakataa kuwa duara. Haikuwa shida mpaka leo.

Baridi kali. Darasa zima tunatoa mvuke mdomoni. Mwalimu Kimutai akauliza kwa nini tunapuliza mikono ipate joto, halafu tunapuliza uji upoe. Mdomo ni huo huo! Atakayeonyesha vizuri Ijumaa atapewa ufunguo wa kabati la vitabu. Vitabu thelathini na kimoja! Nautaka ufunguo huo kuliko chakula.

Jumatano, 4 Julai

Nimeelewa. Ukiachama, haa, inatoka pumzi yenye joto la mwili. Ukibana midomo, fuu, pumzi inakwenda mbio na kukokota hewa baridi ya kando. Akili tayari. Midomo bado. Nimefanya mazoezi nyuma ya jikoni. Shitanda, mpinzani wangu, akaniona, akauliza kama nimechumbia nzi. Nikaendelea kupuliza.

Ijumaa, 6 Julai

Msiba! Mzee Kipkemboi, babake mwalimu, alikuja kututembelea kutoka Soy. Mpango wangu: nipulize mkono wa mgeni, nipate na maksi za adabu. Haa ilikwenda vizuri. Mzee akasema ni joto zuri, kama la ndama. Kisha fuu. Midomo ikatetemeka. Mate! Mkono mzima!

Kwao Wanandi, mzee ndiye humtemea kijana mate kidogo akimbariki. Mzee akajipangusa polepole, akashukuru, akasema hajawahi kubarikiwa na mtoto, na kama nina nafasi, ng'ombe wake pia wanangoja. Darasa likaangua kicheko. Shitanda akapuliza safi, akachukua ufunguo.

Jumamosi, 7 Julai

Nimekumbuka somo la mwaka jana: chuma kikipata joto hutanuka. Kufuli la kabati ni chuma! Likitanuka litafunguka lenyewe, bila ufunguo. Nikaanza kulipulizia saa mbili asubuhi. Saa tatu Shitanda akanikuta nimelikumbatia. Hakucheka sana. Akafungua, akaniambia, Wanyonyi ndugu yangu, si ungeniomba tu, chukua unachotaka.

Nikachukua kitabu. Nikamshukuru. Nikamwomba afunge tena. Akanitazama, akafunga, akaenda kucheza mpira. Nikaweka kitabu chini, nikaachama, nikaendelea: haa.