Maji ya Bomba Chini ya Dampo

Jumatatu, 6 Oktoba
Mvua. Dampo letu lilifungwa zamani, sasa ni kilima cha majani na kondoo juu yake, lakini bado lazima lipimwe: maji ya chini, maji ya kijito, gesi ya udongoni. Bosi Geraghty anastaafu. Cheo chake ni changu au cha Dympna, mpimaji mwenzangu. Huyo Dympna huvuta maji kwa pampu mpaka yaliyolala kwenye kisima cha kupimia yaishe, ndipo ajaze chupa kwa maji mapya. Kila kisima! Asubuhi nzima! Mimi nina akili.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimejaza chupa zote kwenye bomba la jikoni ofisini. Gesi nimeipima dirishani mwa gari, upepo ukivuma. Hakuna hata chembe! Dympna karudi na matope mpaka magotini, akauliza mbona buti zangu kavu. Nikamwambia ni mwendo tu. Wivu huo.

Jumatatu, 13 Oktoba
Maabara wamepiga simu. Maji ya chini yana klorini, dawa ya maji ya bomba! Nikajua nimekwisha. Lakini Geraghty kaamua kwamba bomba kuu la kijiji limepasuka chini ya dampo. Nikasema kwa sauti nzito kwamba hata mimi nilishuku. Kanipa mkono. Cheo ninacho.

Jumanne, 14 Oktoba
Halmashauri imefunga maji ya kijiji kizima, barabara inachimbwa. Hakuna chai! Mama, birika tupu mkononi, kasema aliyegundua ufa huo alaaniwe, yeye na mama aliyemzaa.
Bosi anataka maji mengine leo hii. Bomba kavu. Nipige pampu, na mvua hii? Nimechukua chupa ya Mama ya maji ya kisima kitakatifu, kile cha bondeni chini ya dampo. Hunywa kijiko kila asubuhi kwa ajili ya magoti. Maji ya ardhini, tena yamebarikiwa!

Jumatatu, 20 Oktoba
Majibu ya maabara: amonia tele. Uchafu wa dampo. Dympna naye kapima kisima nilichodai nimekipima: safi. Wote wakanigeukia. Ningeweza kusingizia chupa. Lakini nikamkumbuka Mama na kijiko chake, nikaogopa kwelikweli. Nikasema yote. Geraghty akashusha pumzi. "Colm, wewe ni mjinga mwenye bahati." Kisima kitakatifu, kumbe dampo linavujia humo, kimezungushiwa uzio. Cheo kaenda nacho Dympna.

Ijumaa, 24 Oktoba
Mama hali wala halali. Anataka maji yake. Jumanne Padri kamkuta akipanda uzio, na magoti yale! Maji ya bomba yamerudi, kwa hiyo nimemjazia chupa jikoni ofisini, nikamwambia nimeyafuata kwenye kisima kitakatifu kingine, cha mbali. Leo kasema goti limepata nafuu.
Majirani nao wameleta chupa zao. Dympna kauliza mbona siku hizi nawahi kazini. Nikamwambia ni moyo wa kazi tu.