Mshonaji wa Dirishani

Jumatatu, 6 Oktoba

Balaa! Mwalimu wa historia kagawa kazi. Jumamosi darasa zima litazunguka mji mkongwe tangu asubuhi, na kila mwanafunzi atasimama mbele ya jengo moja alisimulie. Atakayevuruga, ufadhili unakatwa, anarudi kwao. Alipotaja kurudi kwao alinitazama mimi.

Mwenzangu wa chumba, tunayemwita Profesa, kapewa mnara wa saa. Ameshasoma vitabu vinne. Tumetoka nchi moja, tumepanda ndege moja, lakini yeye anajua maktaba iko wapi. Mimi nimepewa nyumba nyembamba kwenye kichochoro nyuma ya soko la zamani. Haina kibao. Haina historia. Uonevu mtupu!

Mama ameshautangazia mtaa mzima kwamba mwanawe anaongoza darasa. Mimi nilisema tu kwamba naelekea huko. Nikirudi mikono mitupu atajifungia ndani kwa aibu. Sirudi!

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda kuiona. Madirisha yote yamefungwa, isipokuwa moja la juu lenye pazia la kijivu. Nilitazama kidogo tu, ikatosha. Nyumba isiyo na historia haina wa kunibishia. Nitaitungia! Mimi ni kichwa, basi tu watu hawajui.

Hadithi yenyewe: zamani aliishi humo mshonaji. Dada yake alimwambia amkalie kwenye kiti dirishani, yeye anafuata uzi dukani. Hakurudi. Mshonaji naye, kwa utii, hakuinuka tena. Basi. Nikatia chumvi kidogo: kovu la sindano kwenye dole gumba la kushoto. Ajabu ni kwamba kalamu ilikimbia yenyewe. Chumba kikapoa ghafla, nikajifunika blanketi nikaendelea. Sijawahi kuandika kurasa nyingi hivyo bila kusinzia.

Profesa akauliza habari hizo nimezitoa wapi. Nikamwambia kwa wenyeji. Akasema kama nimekwama tukae wote kesho, atanisaidia. Anataka kunipeleleza, huyo. Nikajifanya nimelala.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku ya matembezi. Daraja la mawe, jumba la makumbusho, uwanja wenye chemchemi. Miguu inawaka moto. Profesa alisimulia mnara wake hadi njiwa wakahama. Mwalimu alipiga miayo. Moyoni nilicheza ngoma.

Zamu yangu! Kichochoro kilikuwa kimya, hata kelele za sokoni zilikatika. Nikasimulia. Wasichana wawili wakafuta machozi. Nilipofika kwenye kovu, wote wakainua macho kwa pamoja, nami nikainua. Pazia lilikuwa limesogezwa pembeni. Nywele zilinisimama, lakini nilijikaza nikainama kama msanii jukwaani.

Mwalimu hakuridhika. Alisema hadithi tamu si ushahidi. Kama kweli kuna mwenyeji, atakuja Jumatatu amsikie mwenyewe, la sivyo nianze kufunga mizigo.

Wenzangu walipopiga kona nilibaki nafunga kamba za kiatu. Sauti ya mwanamke ikatoka juu. Ilisema nimemsimulia vizuri, ila dole gumba ni la kulia. Nikamwamkia shikamoo, nikaahidi kurekebisha, nikawakimbilia wenzangu. Tulipofika darajani ndipo nilipogutuka. Alisema Kiswahili! Katika mji ambao hata muuza mkate hajui kama lugha hiyo ipo.

Mwingine angeogopa. Mimi nikaona mbali. Shahidi kajileta mwenyewe!

Jumapili, 12 Oktoba

Mlango ulikuwa wazi. Ngazi zimejaa vumbi jepesi kama unga, na halikuwa na alama ya mguu hata moja. Nikageuka nitazame alama zangu. Nazo hazikuwepo. Upepo, nadhani.

Juu kuna chumba kimoja na kiti kimoja. Hakuna kitanda, hakuna jiko, hakuna hata kikombe. Mwanamke ameketi, kitambaa mapajani, anashona bila uzi. Si mzee, si kijana. Sikumuuliza anakula nini, mimi nimelelewa. Nikamweleza shida yangu, akakubali kabla sijamaliza. Kesho atashuka amwambie mwalimu kwamba kila neno ni kweli. Sharti lake ni dogo tu: nimkalie kitini, maana kiti hicho hakiachwi kitupu. Nami nikambana. Nikamwambia lazima anisifie pia. Akacheka kicheko kikavu, akasema haya, mwanangu.

Kisha akauliza kama kuna anayenisubiri nyumbani. Nikasema Mama. Sindano yake ikasimama hewani. Akasema, masikini mama yako. Amhurumie kwa lipi? Mama ana mtoto mwerevu!

Profesa anasema amepita kichochoroni leo mchana, na mlango ule umepigiliwa mbao miaka mingi. Tena eti ameniombea kwa mwalimu wiki moja zaidi ili tusome wote. Alisema huku sauti inamtetemeka. Kijiba cha roho hicho! Ameona nitampita.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeketi. Kiti kina joto.

Nimeona yote kutoka hapa juu. Mwanamke katoka, kampa mwalimu mkono. Mwalimu kavua kofia. Wameongea, mwalimu kaitikia kwa kichwa, kacheka, kaondoka ameridhika kabisa. Nimepita! Ufadhili wangu hauguswi na mtu!

Mwanamke hakupanda tena. Aligusa ukuta wa jirani kwa kiganja. Akatazama mbingu. Kisha akakimbia huku anacheka, mpaka akapotea kwenye kona. Bila shaka ana shughuli zake. Atarudi.

Jioni sasa. Nilitaka kuinuka ninyooshe miguu, imekufa ganzi. Nimekaa vibaya, ni hilo tu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wamekuja Profesa, mwalimu na polisi. Wakaniita kutoka chini. Nikapunga mkono. Polisi alinitazama usoni kabisa, akasema juu hakuna mtu. Akapimwe macho! Mwalimu alijiapiza kwamba Jumatatu aliongea na mama mwenye nyumba. Polisi akasema nyumba hii haina mwenyewe. Profesa akapiga mbao za mlango kwa ngumi hadi mikono ikamtoka damu. Mbao? Kumbe zipo.

Nilipaza sauti kwamba niko salama na wasiniharibie mipango. Njiwa mmoja tu ndiye aliyegeuka.

Sisikii njaa. Hilo nalo si haba. Mapajani mwangu kuna kitambaa na sindano, sikumbuki kuvichukua. Dole gumba la kulia linaniuma. Naogopa kidogo, jua likizama. Lakini mtu akitaka kufika mbali lazima avumilie.

Jumamosi, nadhani ni Novemba

Ushindi! Darasa zima limekuja leo. Wamevaa nyeusi, wamependeza kweli, wamepanga maua mlangoni. Maua! Profesa kwa mnara wake wote hakupewa hata jani. Mwalimu, sauti ikimkatika, alisema kwamba kati ya wote aliowahi kuwafundisha, hajasikia aliyesimulia vizuri kama mimi. Wa kwanza! Nimeyasikia mwenyewe. Profesa alilia mbele za watu, wala hakujificha. Hajui kushindwa, yule.

Na Mama! Kapanda ndege, yeye anayeogopa hata ngazi za ghorofa, kaja mpaka huku kunipongeza. Profesa alimshika mkono asianguke. Mama akainua uso kuelekea dirishani, akaniita kwa jina langu la utotoni. Nikaitika. Akaita tena. Nikaitika kwa nguvu zangu zote. Nikatamani kushuka nimkumbatie, lakini miguu hii! Mwisho akaketi chini kwenye mawe, akalia mpaka sauti ikamwisha.

Ni furaha hiyo, namjua Mama. Mtaa mzima utasimuliwa.

Na kitabu sikufungua hata kimoja! Muhula ujao nitafanya vivyo hivyo.