Ng'ombe Hawa Wote ni Wangu

Alhamisi, 20 Agosti 2009

Mimi Jamleck wa Uthiru nina miaka sabini na sita. Nimeishi kuliko mzungu niliyemkamulia ng'ombe wakati Loresho ilikuwa kahawa tupu. Nimeishi kuliko maafisa watatu wa mifugo na daktari mmoja aliyenikataza chumvi. Ukame wa mwaka huu haunitishi.

Unamtisha Malkia, ng'ombe wangu. Mbavu ziko nje. Nepia shambani, majani yake ya kula, imebaki vijiti.

Leo kwa kituo cha maziwa Wainaina, karani wa chama chetu, ametangaza lori la nyasi kavu linakuja. Nyasi ya bure. Lakini ni ya wafugaji wa kweli tu, mwenye ng'ombe chini ya watatu hapati hata unyasi. Nikamwambia mimi nilikuwa mwanachama yeye akiwa bado ananyonya. Akasema, "Mzee, nyasi haiulizi umri." Nikauliza atajuaje nani ana wangapi. Akasema Jumatatu sensa inaanza, na yeye kama mzee wa kijiji ndiye atamtembeza mwenye kuhesabu. Ataona kila zizi kwa macho yake.

Mbuthia, jirani yangu, ana wanne wa gredi, wale wa kizungu wasio na nundu, wamenona kama wabunge. Akasema mbele ya watu wote, "Jamleck, wewe huna ng'ombe. Wewe una paka mkubwa." Wakacheka. Hata yule wa kupima maziwa.

Nimenyamaza. Mtu kama mimi akinyamaza, watu wajiangalie.

Ijumaa, 21 Agosti

Nimeenda mjini kwa mjukuu wangu Nyawira, anafanya kazi ya ofisi pale Moi Avenue. Stima ilikuwa imepotea, na lifti nayo. Nimepanda ngazi mpaka gorofa ya sita bila kupumzika, isipokuwa ile ya pili na ile ya nne.

Nikamwambia anifundishe sensa. Akasema, "Guka, ni serikali inataka kujua watu ni wangapi na wanaishi namna gani. Kila mtu anahesabiwa pale alipolala usiku wa Jumatatu." Nikauliza, na ng'ombe? Akasema na ng'ombe pia. Kuna maneno mengine aliongeza, ati wanauliza ni wa nani, lakini mimi nilikuwa nimetosheka na lile "pia." Akaniangalia sana. Akasema, "Guka, tafadhali usifanye kitu." Kisha akaninunulia chai na mandazi. Mtoto mzuri, lakini ni mwoga kama babake Muigai.

Kurudi nyumbani, hapo chini ya Loresho, nikaona kitu. Ng'ombe! Kando ya barabara kubwa, wengi, wanakula nyasi ya serikali. Ni wa Wamaasai, ukame umewafukuza kwao mpaka wameingia jiji.

Mungu hamtupi mja wake.

Jumamosi, 22 Agosti

Nimepatana na mwenye ng'ombe. Jina lake Kasaine. Mtu mrefu, maneno machache. Mimi nitampa maji ya tangi langu na mahali pa kulala. Yeye ataleta ng'ombe kumi na wawili na kunyamaza siku moja. Akauliza anyamaze nini. Nikamwambia anyamaze ng'ombe ni wa nani. Akacheka mpaka akaegemea fimbo. Lakini ng'ombe wake walikuwa wananusa dumu yangu tupu. Akakubali. Kumi na wawili tu, wengine watabaki na ndugu yake. Robo eka yangu si Naivasha.

Nyokabi, mama ya watoto wangu, amekataa kabisa. Huyo tangu tuoane hajawahi kumwambia mtu ana watoto wangapi. Ukimuuliza anasema wako wa kutosha. Kwetu mtoto na mnyama hahesabiwi, ukihesabu unaita hasara. Akaniambia, "Baba Muigai, hata vyako havifai kuhesabiwa. Wewe unataka kuhesabiwa vya wenyewe?" Nikamwambia hakuna mtu amemwomba ahesabu. Akiulizwa kama ni wetu, atikise kichwa kukubali tu.

Hajatikisa. Atatikisa.

Jumatatu, 24 Agosti

Ng'ombe wa Kasaine wamefika saa kumi. Kufika saa kumi na mbili walikuwa wamekula sukuma wiki ya Nyokabi, majani ya migomba, ua la upande wa barabara na shati langu la kanisa lililokuwa kwa kamba. Wamekula pia vijiti vya mwisho vya Malkia. Malkia akaniangalia. Nikamwambia avumilie, hii yote ni kwa sababu yake.

Mbuthia akachungulia juu ya ua. "Jamleck, umefungua bucha?" Nikamwambia watu wengine mifugo yao huwa mingi sana, inakaa mbali, inarudi siku moja moja. Akashusha kichwa upande wake. Wivu.

Kasaine na mtoto wa ndugu yake wamelala kwa jikoni ya nje. Nyokabi amewapikia. Mimi amenipa ugali na chumvi.

Jumanne, 25 Agosti

Siku ya kazi. Wamekuja asubuhi, Wainaina na kofia yake, na mwenye kuhesabu, mwalimu anaitwa Namalwa, msichana wa Bungoma, mpole, kalamu iko tayari.

Akaanza na watu. Nani alilala hapa jana? Mimi, Nyokabi, Kasaine na yule kijana. Akaandika wote. Sawa, boma kubwa.

Kisha ng'ombe. Akamuuliza Nyokabi kwanza. Nyokabi akasema, "Mwalimu, mali ya Mungu haihesabiwi," akaingia zake jikoni. Hakutikisa kitu.

Nikashika usukani mwenyewe. Nikasema ni kumi na watatu, wote wa gredi, wote wa maziwa. Mwalimu akaangalia, akaniuliza kwa upole, "Mzee, mbona hawa wako na nundu?" Nikamweleza ni ukame. Ng'ombe akikosa chakula, nyama yote inakimbilia mgongoni. Akauma kalamu.

Wainaina akasema hakuna shida, mfugaji wa maziwa anajua ng'ombe wake kwa majina. "Taja, mzee." Alidhani nitashtuka. Nikaanza papo hapo: Malkia, Jane, Margaret, Rosemary. Kasaine alikuwa amesimama hapo kwa tangi, kimya kama tulivyopatana, lakini kila jina shavu lake linaruka. Nikafika kwa ng'ombe mmoja wa kahawia, mzee, pembe moja imeinama. Nikasema, "Na huyu ni Susana. Mvivu sana, maziwa yake ni kama ya paka."

Hapo Kasaine akashindwa. Akasema, "Mzee, huyo usimguse. Huyo ni wa mama yangu. Mama aliniachia akifa, na maziwa yake ndiyo yamenilelea watoto."

Akaenda akamshika shingo. Akataja jina lake kwa Kimaasai. Akaenda kwa wa pili, akamtaja pia, na mamake, na mahali alizaliwa. Akazunguka wote hivyo, rangi kwa rangi, na wale wawili walioanguka njiani wakija, hata hao akawataja. Mwalimu akateremsha kalamu. Wainaina akatoa kofia. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kila jina, kama mtu ambaye amemfundisha.

Basi. Mwalimu ameandika ng'ombe mmoja. Watu wanne.

Wainaina akasema, "Pole, mzee. Sheria ni sheria." Kasaine naye ameniomba radhi na kuondoka na mali yake. Ameniachia samadi tu. Lakini samadi ya kiwango.

Alhamisi, 27 Agosti

Lori limekuja. Nimesimama hapo na mkokoteni wangu mpaka watu wote wakaondoka. Sikupata. Mbuthia amepita na mabunda yake, akaniangalia, akafungua mdomo, akafunga. Mara ya kwanza kumwona akikosa neno. Nimeandika kwa sababu ni historia.

Malkia amelala na hataki kuinuka. Mimi nimesukuma, Nyokabi amevuta. Wapi. Nyokabi amemfunika na blanketi yetu, ile ya kitandani, na kukaa naye. Hajanilaumu. Ningependa anilaumu kidogo.

Ijumaa, 28 Agosti

Asubuhi nimekuta bunda zima la nyasi kavu ndani ya ua wangu. Mbuthia alikuwa upande ule anajifanya kurekebisha waya. Akasema ng'ombe wake wamelikataa, lina vumbi, amelitupa tu, kama silitaki nichome. Nimelinusa. Halina vumbi.

Malkia amekula. Saa nne akainuka, miguu ikitetemeka, akakunya. Nyokabi akalia, kisha akampelekea Mbuthia chupa ya chai na viazi vitamu. Akarudi akasema yule ni mtu mzuri. Huyu mama ni mwepesi kudanganywa.

Mimi nimeelewa mara moja. Mbuthia aliona ng'ombe kumi na wawili kwangu kwa macho yake. Ameogopa. Ameanza kuleta heshima.

Jumapili, 30 Agosti

Bunda lingine jana. Lingine leo, kabla ya kanisa. Malkia ametoa maziwa ya kutosha chai, na zaidi.

Nimekaa kanisani nikifikiria, mahubiri sikusikia. Kama mtu wa ng'ombe mmoja anarushiwa bunda moja, wa ng'ombe watatu atarushiwa ngapi? Hata Wainaina na kofia yake hawezi kupinga hiyo. Kivuva wa Kangemi ana ng'ombe wawili hawana pa kulala. Nimemwambia awalete Jumanne, mchana, wapitie mbele kwa Mbuthia polepole. Hawana nundu, nimehakikisha. Majina yako tayari: Jane na Margaret.

Hakuna uongo hapa. Asiyeamini aende kwa Nyokabi, ingawa idadi hatamwambia. Ama amtafute Kasaine, mtu wa ukweli kupita kiasi. Mwalimu Namalwa pia aliona. Mbuthia tu ndiye asiulizwe. Yule ana wivu.